Roma kwa Miguu Siku ya Jua Kali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa msafiri mwenye siku moja au mbili za kuizunguka Roma ya kale kati ya Juni na mwanzo wa Septemba. Saa zimeandikwa kwa hesabu ya Kiswahili. Kwenye mabano kuna saa kama utakavyoiona kwenye tiketi na milango ya Italia. Majira hayo Roma iko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa moja.

Nimekulia Dar es Salaam. Joto la Roma litanitisha nini?

Kwenye kipimajoto, si la kutisha. Mchana wa kawaida wa Julai au Agosti hufika nyuzi 31 au 32, sawa na Dar ya Januari. Wimbi la joto likiingia hupanda hadi 36 na zaidi, na Julai 2023 lilivuka 40. Ila kinachowaangusha watu wa pwani ni mambo mengine.

Kwanza, nyumbani hakuna anayetembea kilomita kumi na tano jua likiwa juu. Mtu hupanda bajaji au daladala, au hukaa barazani hadi jua lipungue. Roma, mtu huyohuyo hufanya kile ambacho nyumbani angemshangaa mzungu akikifanya. Pili, mchana ni mrefu mno. Mwishoni mwa Juni jua huchomoza kama saa 11:35 alfajiri na kuzama karibu saa 3 usiku (20:50), kwa hiyo mawe na lami hufyonza joto kutwa na kulirudisha usiku. Chumba cha ghorofa ya juu kisicho na kiyoyozi hakipoi mpaka alfajiri. Ukipanga malazi, kiyoyozi ndicho kitu cha kukilipia, hata kama itabidi uache kifungua kinywa. Tatu, hewa ya mchana ni kavu kuliko ya pwani. Jasho hukauka kabla hujaliona, shati halilowi, na unadhani hujapoteza maji kumbe unaishiwa.

Mwenyeji wa Maskati au Dubai amezoea nyuzi kubwa zaidi, lakini amezoea pia kuzikwepa ndani ya gari na maduka yenye viyoyozi. Katikati ya Roma magari mengi hayaruhusiwi, na maduka ni madogo.

Nitajuaje kwamba siku fulani ni ya hatari?

Wizara ya Afya ya Italia hutoa kila siku majira ya joto taarifa ya joto kwa miji mikubwa, Roma ikiwemo, yenye viwango kuanzia 0 hadi 3. Kiwango cha 3 ni "bollino rosso", doa jekundu, na maana yake ni kwamba joto linaweza kumdhuru hata mtu mzima mwenye afya, achilia mbali wazee na watoto. Doa jekundu likiwaka siku tatu mfululizo, punguza mpango wako nusu. Mwili hauchoki kwa joto la leo peke yake. Unabeba na la jana, hasa ukiwa hujalala vizuri.

Nianze saa ngapi, na nipumzike saa ngapi?

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanapumzika saa 6 mchana, wanakula, kisha wanatoka saa 8 na nusu wakidhani jua limevunjika. Kumbe wanatoka kuelekea saa mbaya kuliko zote.

Saa ya Roma majira ya joto imesogezwa mbele sana ya jua. Mwenye programu ya nyakati za sala ataliona hilo mara moja: mwezi Julai Adhuhuri ya Roma huingia karibu saa 7 na robo mchana (13:15), wakati ya Dar huingia kama saa 6 na nusu. Kwa hiyo jua la saa 6 kamili Roma ni kama jua la saa 5 na robo Dar, bado linapanda. Joto la hewa hufika kileleni baadaye zaidi, kati ya saa 9 na saa 11 alasiri (15:00 hadi 17:00), kwa sababu ardhi na kuta huendelea kupashwa hata baada ya jua kupita kilele.

Igawe siku vipande viwili. Kipande cha kwanza ni saa 12 na nusu asubuhi hadi saa 6 na nusu mchana (06:30 hadi 12:30). Cha pili kianze saa 11 jioni (17:00) na kuendelea mpaka miguu ikatae. Katikati uwe ndani, ikiwezekana umelala. Kuna hata kengele ya kukukumbusha: kila siku saa 6 kamili mchana hupigwa mzinga kwenye kilima cha Gianicolo. Desturi hiyo ilianza 1847 kwenye ngome ya Castel Sant'Angelo, kusudi makanisa yalinganishe saa zao, na tangu 1904 mzinga uko Gianicolo. Ukiwa mtaa wa Trastevere, chini ya kilima hicho, utausikia vizuri. Mzinga ukilia, anza kutafuta njia ya kurudi.

Asubuhi hiyo nipite njia gani?

Njia hii ni ya kilomita mbili na kitu, na sehemu kubwa ni vichochoro vyenye kivuli.

Treni ya chini ya ardhi huanza saa 11 na nusu alfajiri (05:30). Shuka kituo cha Spagna, mstari A, kabla ya saa 1 asubuhi. Utakuta Ngazi za Kihispania karibu tupu, na chini yake chemchemi ya Barcaccia yenye umbo la mashua. Teremka kuelekea chemchemi kubwa ya Fontana di Trevi, kama mita 700. Saa hiyo unaweza kusimama ukingoni na kusikia maji. Kuanzia saa 4 asubuhi utasikia watu tu. Sarafu zinazotupwa humo hukusanywa na kupewa shirika la Caritas. Maji yenyewe ni ya mfereji wa Acqua Vergine, uliojengwa mwaka 19 kabla ya Kristo.

Kutoka Trevi hadi Pantheon, hekalu la kale lenye kuba, ni mwendo wa dakika kumi. Tiketi ya kuingia ni yuro 5, na mlango hufunguliwa saa 3 asubuhi (09:00). Ukifika mapema, zunguka kwanza: Piazza Navona iko mita mia tatu na kitu upande wa magharibi, na Campo de' Fiori kama hizo tena kusini, penye soko la matunda kila asubuhi isipokuwa Jumapili. Kunywa kahawa ukiwa umesimama kaunta, kisha rudi Pantheon mlango unapofunguliwa. Ndani ni pa baridi kiasi, kwa kuwa kuta ni nene na kuba la zege lenye upana wa mita 43.3 halipitishi joto haraka. Tundu la juu, lenye upana wa karibu mita 9, halina kioo. Duara la jua hutembea ukutani. Lifuate kwa macho tu, usisimame ndani yake.

Njiani kati ya Pantheon na Piazza Navona kuna kanisa la San Luigi dei Francesi lenye michoro mitatu ya mchoraji maarufu Caravaggio, bure. Taa ya michoro huwashwa kwa sarafu, kwa hiyo weka ya yuro 1 mfukoni. Makanisa madogo hufungwa adhuhuri na kufunguliwa tena alasiri, kwa hiyo yamalize asubuhi.

Nitapataje kivuli nikiwa barabarani?

Kwa kujua jua liko upande gani. Kwetu karibu na ikweta kuna siku jua hukaa utosini na ukuta hautoi kivuli chochote. Roma halifiki utosini hata siku moja. Juni 21 saa 7 na robo mchana liko kusini, digrii 71 hivi kutoka ardhini, na jengo hutupa kivuli chenye urefu wa kama theluthi ya kimo chake. Jengo la mita 18 linakupa mita 6 za kivuli, zinazotosha barabara nyembamba nzima.

Barabara ikitoka mashariki kwenda magharibi, shika upande wa kusini, ubavuni mwa majengo yaliyo kati yako na jua. Ikitoka kaskazini kwenda kusini, asubuhi shika upande wa mashariki, na jua likishapinduka hamia magharibi. Mfano ni Via del Corso, ile ndefu ya kilomita moja na nusu kutoka Piazza del Popolo hadi Piazza Venezia: ukishuka asubuhi tembea kushoto, ukishuka jioni tembea kulia. Wenyeji hufanya hivyo bila kufikiri, na ndiyo maana utaona njia moja ya miguu imejaa na ya pili wamebaki watalii.

Uwanja usiukate katikati, uzunguke pembeni. Vichochoro kama Via dei Coronari na Via del Governo Vecchio vina kivuli saa nyingi. Via dei Fori Imperiali na Via della Conciliazione ni pana, nyeupe na hazina huruma. Ukilazimika kwenda mbali, fuata barabara za kando ya mto Tiber, maana miti mikubwa ya platani imezipanga pande zote mbili.

Maji ya mabomba ya barabarani yanafaa kunywa?

Yanafaa, na ni matamu. Roma ina mabomba ya chuma karibu 2,500 yanayoitwa "nasoni", yaani mapua makubwa, kwa ajili ya mrija wake uliopinda. Ya kwanza yaliwekwa 1874. Ni nguzo ya chuma cha kuyeyushwa yenye urefu wa kama mita 1.2, na maji yanatoka usiku na mchana bila koki. Ni maji yaleyale ya majumbani, na kwa kuwa hayatuami kwenye bomba lililopigwa na jua, hufika yakiwa baridi.

Kuyanywa kuna ujuzi wake. Juu ya mrija kuna kitundu kidogo. Ziba mdomo wa mrija kwa kidole, maji yataruka kupitia kitundu hicho, nawe utakunywa bila kuinama na bila kugusa chuma. Wanaokosea huziba kwa nguvu na ghafla, wakamwagia aliye mbele yao. Kama unajaza chupa, iweke chini ya mrija kama kawaida.

Machache ya zamani yenye midomo mitatu ya umbo la joka bado yapo. Moja liko uwanjani mbele ya Pantheon. Trevi yenyewe usinywe kwenye bwawa, lakini pembeni upande wa kulia kuna bomba dogo la maji ya kunywa. Pale Barcaccia watu hunywa kwenye midomo ya maji iliyoko kichwani na mkiani mwa mashua. Popote utakapoona kibao "acqua non potabile", hayo hayanywewi. Shirika la maji la Acea lina programu ya simu, Waidy Wow, inayoonyesha bomba lililo karibu nawe.

Chupa ya nusu lita kwa wachuuzi wa karibu na vivutio huuzwa mara kadhaa ya bei ya dukani. Nunua moja siku ya kwanza, kisha ijaze bure mpaka siku ya kuondoka.

Ninywe kiasi gani?

Ukitembea polepole kivulini, nusu lita kwa saa inatosha watu wengi. Ukiwa juani au ukipanda vilima, karibu robo tatu ya lita. Kunywa kidogokidogo kila dakika 20. Kiu ikikukamata ujue umeshachelewa. Kipimo kizuri ni mkojo: ukiwa wa manjano hafifu, sawa, ukiwa wa chai ya rangi, simama unywe.

Kuna pia kosa la upande wa pili. Mtu anakunywa lita moja na nusu kwa saa, maji matupu, huku jasho likimtoa chumvi. Kichwa kinauma, tumbo linachafuka, naye anaongeza maji zaidi. Dawa yake ni chumvi: kula zeituni, jibini, mkate wenye chumvi, au tumia pakiti ya ORS uliyotoka nayo nyumbani. Pakiti zikikosekana, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi kwa kudhani itafanya kazi upesi.

Na choo je?

Swali hili ndilo linalowafanya wengi, hasa akina mama, waache kunywa. Ingia baa yoyote (Italia "bar" ni mgahawa wa kahawa), nunua kahawa au maji kaunta, kisha uliza "bagno". Makumbusho yote yana vyoo. Vitumie kabla ya kutoka, hata kama hujabanwa. Vyoo vya umma vya kulipia vipo, kwa kawaida yuro 1, kwa hiyo weka sarafu. Karatasi uwe nayo mwenyewe.

Nivae nini, na kanisani nitaruhusiwa?

Kitambaa chepesi, kipana, cha pamba au kitani, cha rangi hafifu. Nguo ndefu iliyolegea hupooza kuliko kaptura na fulana ya kubana, kwa sababu ngozi haipigwi na jua moja kwa moja na hewa inapita. Kofia iwe na ukingo wa pande zote. Kapelo huacha masikio na shingo vikiungua, na ngozi nyeusi huungua pia, ingawa huchelewa kuonyesha.

Makanisani, mabega na magoti lazima yafunikwe, mwanamume kwa mwanamke. Basilika la Mtakatifu Petro wana walinzi mlangoni kwa kazi hiyo, nao hurudisha watu. Hapa kanga haina mpinzani. Kipande kimoja kwenye mkoba kinafunika mabega kanisani, kinakinga kichwa juani, kinatandikwa bustanini, na kikilowekwa kwenye nasone na kuzungushwa shingoni hukupooza kwa nusu saa. Wachuuzi wa pale nje huuza skafu kwa hao waliosahau, na bei wanaijua wao.

Viatu gani?

Vyenye soli nene na vilivyokwisha kuzoea mguu wako. Barabara za katikati zimetandikwa "sampietrini", vijiwe vyeusi vya basalti vilivyochongwa mraba, vyenye nafasi katikati. Kisigino chembamba hunasa, na soli nyembamba ya ndala hukuchosha nyayo kufikia saa 5 asubuhi. Mguu huvimba kwa joto, kwa hiyo usinunue kiatu kinachokubana hata kidogo. Ukihisi ngozi inaanza kuuma mahali, bandika plasta papo hapo. Lengelenge likishajaa maji siku yako imeharibika. Wenye mapaja yanayosuguana wapake mafuta ya mgando kabla ya kutoka, warudie mchana.

Colosseo nitaitembeleaje bila kuzimia?

Nunua tiketi mapema kwenye tovuti rasmi. Tiketi ya kawaida, yuro 18, inajumuisha Colosseo (uwanja wa kale wa michezo), Foro Romano (magofu ya uwanja mkuu wa mji wa kale) na kilima cha Palatino, ina jina lako na saa maalumu ya kuingia Colosseo. Beba pasipoti. Chukua saa ya kwanza kabisa, saa 2 na nusu asubuhi (08:30), au ile ya jioni. Chupa za glasi haziruhusiwi, wala mabegi makubwa, kwa hiyo chupa iwe ya plastiki au chuma.

Warumi wenyewe hawakukaa humo juani. Tangu jengo lilipofunguliwa mwaka 80, juu yake palitandazwa turubai kubwa kwa kamba na milingoti, na waliolisimamia walikuwa mabaharia wa jeshi la majini la Misenum. Turubai halipo tena. Safu za juu ziko wazi kabisa, wakati korido za chini zina kivuli na upepo. Panda juu kwanza jua likiwa bado dogo, kisha malizia chini.

Foro Romano ndiyo sehemu ngumu kuliko Colosseo, na wachache huambiwa hivyo. Ni bonde la mawe, upepo hauingii, miti ni ya kuhesabu. Ukitoka Colosseo saa 4 asubuhi, ipite Foro kwa saa moja kisha panda Palatino, kwenye misonobari na bustani. Ikifika saa 5 na nusu na bado hujaingia Foro, iache. Utaiona vizuri na bure kutoka nyuma ya kilima cha Campidoglio jioni, mwanga ukiwa mzuri zaidi kwa picha.

Naweza kuunganisha na Vatikani siku hiyohiyo?

Inawezekana, ila hatushauri. Kutoka Colosseo hadi Mtakatifu Petro ni karibu kilomita 4, na pande zote mbili kuna foleni. Ya ukaguzi wa basilika inapanga katikati ya uwanja ulio wazi. Ya Makumbusho inafuata ukuta wa Viale Vaticano. Ndani ya Makumbusho korido nyingi hazina kiyoyozi, na umati unapasha joto kama jua lenyewe.

Ipe Vatikani asubuhi yake. Basilika hufunguliwa saa 1 asubuhi (07:00), na kuingia ni bure. Kupanda kuba kwa miguu mwanzo hadi mwisho ni ngazi 551. Ukilipia lifti zinabaki 320, na sehemu ya mwisho ni nyembamba na imeinama, haina mahali pa kugeuka. Mwenye shinikizo la damu au hofu ya mahali pa kubana asijaribu. Jumatano asubuhi Papa akiwa na hadhara uwanjani, basilika haifunguliwi kwa watalii. Makumbusho hufungwa Jumapili, isipokuwa ya mwisho wa mwezi, ambayo ni bure na ndiyo yenye umati usiopimika.

Hoteli yangu iko mbali. Saa za mchana nikae wapi?

Palazzo Massimo, karibu na stesheni ya Termini, ina michoro ya ukutani ya nyumba ya Livia, mke wa Kaisari Augusto: bustani nzima iliyochorwa chumbani ili wenye nyumba wapate ubaridi wa macho. Hufungwa Jumatatu. Centrale Montemartini, kiwanda cha umeme cha zamani kilichojazwa sanamu, huwa na watu wachache. Galleria Borghese ni nzuri, ila lazima uweke nafasi siku nyingi kabla.

Anayetaka baridi ya kweli aende kwenye makatakombe, yaani makaburi ya kale ya chini ya ardhi, ya Via Appia. Chini huko joto hukaa nyuzi 15 hivi mwaka mzima. San Callisto hufungwa Jumatano, na adhuhuri makatakombe hufungwa kwa mapumziko. Ukiingia umelowa jasho utatetemeka. Hapo kanga itafanya kazi nyingine tena.

Naweza kutia miguu kwenye chemchemi?

Hapana. Kuoga au kuingiza miguu kwenye chemchemi za kihistoria ni kosa, na faini ni ya mamia ya yuro. Kukaa kwenye Ngazi za Kihispania kumekatazwa tangu 2019, faini kuanzia yuro 250. Sheria hizohizo za jiji zinakataza wanaume kutembea kifua wazi. Nasone, kwa upande mwingine, ni ruhusa: lowesha viganja, shingo, mikono hadi kwenye viwiko, na kofia yako.

Nile nini?

Kidogo, mara nyingi. Sahani kubwa ya tambi saa 7 mchana ikifuatiwa na matembezi ndiyo njia ya uhakika ya kuharibu alasiri. Tikiti maji, pichi na nyanya za sokoni zina maji na chumvi kidogo. Barafu ya kukwaruza yenye sharubati, "grattachecca", huuzwa kwenye vibanda vya kando ya Tiber, na hupooza kuliko aiskrimu. Bia na mvinyo viache mpaka jua lizame, maana vinakukojoza maji uliyoyahangaikia kutwa.

Ukikaa mezani bei hupanda na huongezwa "coperto", malipo ya meza. Karibu na Agosti 15, sikukuu ya Ferragosto, migahawa mingi ya kifamilia hufungwa, wenyewe wamekwenda baharini.

Na watoto, au wazazi wetu wazee?

Kigari cha mtoto chenye magurudumu madogo hutikisika vibaya kwenye sampietrini. Usifunike kigari kwa kitambaa kizito ili kuzuia jua. Ndani hugeuka tanuri kwa dakika chache. Mbeleko ni nzuri kwa vichochoro, lakini miili miwili ikibanana hupashana joto: weka kitambaa cha pamba kati yenu, mtoe mtoto kila nusu saa, mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Walio chini ya miaka 18 huingia bure Colosseo na makumbusho ya serikali, ila tiketi yao ya bure lazima ichukuliwe.

Mzee huhisi kiu kwa kuchelewa, kwa hiyo usimuulize kama ana kiu, mpe kikombe. Anayetumia dawa za shinikizo, hasa zile za kukojoza, aongee na daktari wake kabla ya safari. Insulini isikae kwenye mfuko wa juu wa begi juani.

Nitajuaje kwamba mwenzangu amezidiwa na joto?

Kuna hatua mbili, na tofauti yake ni ya kuijua kabla hamjatoka.

Uchovu wa joto: jasho jingi, kizunguzungu, kichwa kuuma, kichefuchefu, misuli kukaza, ngozi baridi yenye unyevu. Akili bado iko sawa. Mpeleke kivulini au ndani ya duka lenye kiyoyozi, mlaze, inua miguu, legeza nguo, mloweshe na umpepee, mpe maji au ORS kidogokidogo. Asipopata nafuu ndani ya nusu saa, tafuta daktari. Akipata nafuu, siku yake imeishia hapo. Asirudi juani jioni ile.

Kiharusi cha joto: anachanganyikiwa, anaongea ovyo, anayumba, anazimia au anapata degedege, mwili unawaka, joto lake nyuzi 40 au zaidi. Ngozi inaweza kuwa kavu, lakini jasho kuwepo kusikudanganye. Piga 112, namba ya dharura ambayo haina malipo. Sema "ambulanza, colpo di calore" na jina la mtaa, ambalo limechongwa kwenye bamba la jiwe pembeni mwa nyumba. Wakati mnasubiri, mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea bila kuacha, wekeni barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena. Baa yoyote itawapa barafu. Asiyejitambua asinyweshwe kitu, na msimpe panadoli, kwa sababu joto hili si la homa.

Kwa madogo yaliyobaki, kama kuungua ngozi au kuharisha, msalaba wa kijani ni duka la dawa, na mfamasia hushauri bila malipo.

Sala na chakula cha halali?

Msikiti Mkuu uko kaskazini mwa jiji, upande wa Parioli, mbali na njia za watalii, ulifunguliwa 1995. Chukua treni ya Roma–Viterbo kutoka Piazzale Flaminio, ushuke Campi Sportivi. Kwa siku ya matembezi, msafiri anayekusanya Adhuhuri na Alasiri ataziswali chumbani wakati wa mapumziko, na ratiba hii inamfaa bila kulazimisha. Migahawa ya halali iko mingi karibu na Piazza Vittorio na Termini.

Simu yangu inazimika juani. Nifanyeje?

Imepata joto, si mbovu. Itoe kwenye kasha, iweke kivulini ndani ya mkoba, usiichaji ikiwa ya moto, wala usiiweke kwenye barafu: unyevu hujikusanya ndani yake. Pakua ramani ya jiji ukiwa hotelini ili usitumie data na mwanga wa kioo muda wote, na uwe na picha ya tiketi zako kwenye simu ya mwenzako pia. Kwenye basi la 64, linalounganisha Termini na Vatikani, simu ikae mfuko wa mbele. Vibaka wanalipenda basi hilo kuliko watalii wanavyolipenda.

Jioni niende wapi?

Mchana ukielekea kwisha, upepo wa magharibi kutoka baharini, "ponentino", huanza kuvuma, na hupatikana zaidi vilimani. Panda kilima cha Aventino kabla ya saa 2 usiku (20:00), kwenye bustani ya michungwa, Giardino degli Aranci, utazame jua likizama nyuma ya kuba la Mtakatifu Petro. Ukikaa upande wa kaskazini, ukumbi wa Pincio juu ya Piazza del Popolo unatoa mandhari kama hiyo na vivuli vingi zaidi. Kisha shuka Trastevere ule chakula cha usiku. Kabla ya saa 2 na nusu (20:30) meza ni rahisi kupata, baada ya hapo utasimama mlangoni. Tiketi ya kawaida ya usafiri ni yuro 1.50 na hudumu dakika 100, au gusa kadi ya benki kwenye mashine. Angalia saa ya treni ya mwisho kabla hujaagiza chakula.